Kila nikimuuliza sita na tatu, ananiambia nane

Mwalimu, shikamoo.

Nasomesha Gredi ya 1 katika shule moja ya umma hapa kisiwani Amu, yaani Lamu. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini na darasani nina watoto 47.

Shida yangu ni kujumlisha. Kuhesabu wanajua. Ukiwaambia wahesabu, watakutoa moja wakufikishe hamsini kwa sauti moja mpaka walioko gatini wasikie. Lakini nikiandika 4 + 3 ubaoni, darasa lote linanyamaza kama mji saa ya adhuhuri. Wengine wanatazama dari. Wengine wanatoa vidole chini ya dawati: wanahesabu vinne tangu moja, kisha vitatu tangu moja, kisha vyote upya tangu moja. Wakimaliza, mimi nishafuta ubao. Na jibu likipita kumi ndiyo basi. Juzi nilimkuta mmoja anavua kiatu.

Kuna msichana mmoja anayeniumiza kichwa kuliko wote. Ni mwerevu, kusoma anawapita wenzake, na vidole hatumii sana. Nikimuuliza 6 na 3, ananiambia 8. Haya, 5 na 4? Nane. Na 7 na 2? Nane tena! Nimeshaanza kudhani ameipenda hiyo nane tu, akibanwa anaitaja.

Kwenye semina tuliambiwa hesabu zifunzwe kwa michezo. Mwezi uliopita nikakusanya vizibo vya soda, nikavimwaga uani, nikagawa darasa makundi mawili. Nikiita "tano na tatu!" mmoja kutoka kila kundi atoke mbio, aokote vizibo vya jumla hiyo, na wa kwanza kunirudishia ndiye mshindi. Dakika kumi hazikwisha, wavulana wawili washashikana kwa sababu ya kizibo kimoja, mwengine ana mchanga machoni, na mwalimu wa darasa la jirani amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Jioni mwalimu mkuu akaniita, akaniuliza kwa upole kama darasa langu limekuwa uwanja wa Mkunguni.

Halafu wazazi. Mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia, "Daftari la mwanangu jeupe. Nasikia mnacheza." Sikuwa na la kumjibu.

Jambo la mwisho ni dogo. Nina mtoto anayelelewa na bibi yake. Nyumbani anafunzwa moya badala ya moja, na kenda badala ya tisa. Nikimrekebisha analia. Nimkataze?

Nifanye nini, Mwalimu? Nirudi kwenye kukariri, "moja na moja mbili, moja na mbili tatu", au mchezo una njia yake ambayo mimi sikuijua?

Mwalimu wa Gredi ya 1, Amu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na huyo wa nane, maana ndiye aliyenifanya niifungue barua yako mara ya pili. Habahatishi. Zitazame hesabu ulizomuuliza: 6 na 3, 5 na 4, 7 na 2. Zote jibu lake ni 9. Na yeye kila mara amekupa 8, amepungukiwa na moja barabara, wala hajawahi kukupa 5 au 11. Mtoto anayebahatisha hawi na nidhamu hiyo.

Nakwambia anavyofanya. Ukisema "sita na tatu", ameshajua kwamba hana haja ya kuanza moja, anaweza kuanza pale kwenye sita. Hapo amewatangulia wenzake wote wanaohesabu vidole upya. Kosa ni kwamba sita yenyewe anaihesabu tena: "sita, saba, nane", keshataja majina matatu, anasimama. Ndiyo nane yake. Wewe umeisikia nane peke yake, kwa sababu zile mbili za mwanzo amezisema moyoni.

Wazee wanaocheza bao kwenye mabaraza ya Amu wasingelifanya kosa hilo. Anayetembeza kete za shimo lake, kete ya kwanza hairudishi katika shimo alilozitoa. Anaanza shimo la mbele yake. Binti yako yeye anapanda ya kwanza palepale alipookota.

Dawa yake ni kifuu cha nazi. Keti naye sakafuni, msiwe mezani, meza inamfanya akuogope. Weka vizibo sita, avihesabu mwenyewe, kisha vifunike kwa kifuu. Vitatu viache nje, vimepangwa mstari. Muulize, "Vyote ni vingapi?" Kwa kuwa sita havioni, hawezi kuvihesabu upya, itambidi avichukue kichwani vilivyo. Sasa fundi ni wewe: gonga kifuu kwa kiganja na useme "sita", kwa sauti nzito, mara moja. Halafu kidole chake kishuke kwenye kizibo cha kwanza cha nje, na hapo ndipo atamke "saba". Kidole hakigusi kifuu. Akigusa kizibo cha kwanza akasema "sita", usimwambie amekosa. Funua kifuu, muulize tu, "Sita wako wapi?" Ataona mwenyewe kwamba sita wamelala humu ndani na yeye ameita wa nje kwa jina lao. Nimewaona watoto wakicheka hapo, wakajipiga paji la uso.

Wale wanaohesabu tangu moja, kifuu hichohicho kinawafaa. Mwanzo wataomba ufunue. Funua, wahesabu, funika tena, uliza tena. Siku ya tatu au ya nne mmoja wao atachoka kuomba, na huko kuchoka ndiko unakokutafuta.

Vidole je? Viache. Mtoto wa miaka sita ukimnyima vidole atahesabu mbavu. Ila mfunze akiulizwa 2 na 7 aanze na saba, atoe vidole viwili tu. Wengi hawajui kwamba wana ruhusa ya kugeuza.

Sasa mchezo wako wa vizibo. Nisamehe nikisema kweli: ule ulikuwa mchezo wa mbio uliovaa kanzu ya hesabu. Anayeshinda ni mwenye miguu. Mtoto mwenye mbio akiokota vizibo saba badala ya vinane atafika mbele, na darasa litampigia makofi kabla hujavihesabu. Yule anayefikiri amebaki nyuma anatimuliwa vumbi. Tena katika kila mwito watoto wawili wanacheza na 45 wanapiga kelele, mwalimu mkuu hakukosea sana. Mimi mchezo naupima kwa swali moja: mtoto anaweza kushinda bila kujumlisha? Kama anaweza, nitautumia saa ya michezo. Darasani nataka ule ambao bila kujumlisha hasogei, na mimi niliyekaa kando naona mdomo wake unaanza wapi kuhesabu.

Nenda kwa wauza mayai uwaombe trei tupu. Trei moja ina vishimo 30, mistari sita ya vitano. Ikate mistari miwili miwili, upate vipande vitatu vyenye vishimo kumi kila kimoja, vitano juu na vitano chini. Kwa watoto 47 ungewagawa wawili wawili ukapata jozi 22 na kundi moja la watatu, yaani makundi 23. Trei nane zinakupa vipande 24, na kimoja kinabaki chako. Zianike juani siku nzima kabla ya kuzikata, na yoyote yenye doa la yai itupe, ni karatasi, haioshwi ikatakata.

Mchezo wenyewe: mmoja anafumba macho, mwenzake anatia vizibo kwenye vishimo, idadi aitakayo. "Fumbua! Vipo vingapi, na kumi inadai vingapi?" Akijibu sawa wanabadilishana. Hapana mbio, hapana kuokota. Kwa siku chache za mwanzo watahesabu kishimo kimoja kimoja. Baadaye utawaona wanatazama tu: mstari wa juu umejaa, huo tano, chini viwili, basi saba, inadai tatu. Saba na tatu, nane na mbili, sita na nne, kenda na moja. Hizo jozi za kumi ndizo ningetaka mtoto atoke nazo Gredi ya 1 hata kama mengine yote atayasahau. Ukishazipata, kukariri sina ugomvi nako. Watoto wetu wanaosoma chuo cha Kurani wanahifadhi vizuri kuliko sisi, hiyo ni mali, usiitupe. Ila wahifadhi kitu walichokwisha kukishika mkononi.

Jibu linapopita kumi ndipo lugha yetu inapokusaidia, na walimu wengi hawalioni hilo. Chukua 8 na 5. Vinane vimo kwenye trei, vitano viko sakafuni. Trei inadai mbili, mtoto anazichukua kutoka kwenye vile vitano, trei imejaa, vimebaki vitatu nje. Muulize anaona nini. Ana kumi, na tatu. Kumi na tatu! Jina la jibu ni hesabu yenyewe. Kiingereza kina majina mawili ya pekee kwa 11 na 12, ukiyasikia hutambui kwamba mna kumi ndani yake, kwa hiyo mtoto wa huko anayabeba tu kama alivyopewa. Wetu anasema kumi na moja, kumi na mbili, na kila akitaja amejumlisha. Mtaala unaruhusu madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mazingira, basi usione haya: hesabu hizi zisemwe kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, kitabu kiwe kimeandikwa kwa lugha yoyote. Mambo yanaharibika kidogo kwenye ishirini na thelathini, tulizozitoa Uarabuni, hizo hazisemi kumi ngapi. Huko itakubidi trei mbili na tatu zifanye kazi ya ulimi.

Na mtoto wa bibi, kwani kenda kosa lake nini? Ni Kiswahili cha siku nyingi, na moya ni Kiamu safi. Mwambie ana majina mawili, la nyumbani na la shuleni, kama yeye mwenyewe alivyo na jina la shule na jina analoitwa na bibi yake. Siku moja mpe asimame mbele ahesabu kwa ya bibi, darasa limfuate. Kilio kitakwisha.

Nikupe na kisa changu. Mwaka mmoja, Malindi, nilichora punda ubaoni na shogi lake, mifuko miwili, mmoja kila ubavu. Nikasema punda huyu anabeba mawe kumi, huku nimetia saba, huku nitie mangapi? Nilikuwa nimejisifu moyoni kwa mfano wangu wa nyumbani. Mtoto mmoja, mgeni kutoka Amu, akanyanyua mkono: "Mwalimu, huwezi. Punda atainama." Nikamwambia tuhesabu tu. Akakataa katakata. Huku tano na huku tano, vinginevyo mzigo unaanguka njiani na punda anapigwa bure. Darasa likamuunga mkono. Nilitaka kukasirika, kisha nikawaza, huyu amenipa somo la wiki nzima. Tukaulizana mzigo gani unakaa sawa: mawe sita? Tatu na tatu. Manane? Nne na nne. Mawe saba? Hapo wakagombana mpaka kengele ikalia, mmoja akitaka jiwe la saba alibebe mwenye punda. Wewe uko Amu kwenyewe, punda wanapita dirishani. Chora shogi. Tano na tano, nne na nne, hizo za pacha wanazishika upesi, na anayejua nne na nne ni nane atajua nne na tano imezidi moja.

Dadu, ukisikia mtu anakushauri, waache. Si kwamba ni mbaya kwa hesabu, ni nzuri. Lakini kuna nyumba nyingi hapo mjini ambazo dadu ni kamari, na mama aliyekusimamisha kwa daftari jeupe atakusimamisha na baba yake kwa dadu. Ya nini? Kata maboksi utengeneze vipande vya dhumna. Seti kamili ni vipande 28, kutoka tupu kwa tupu mpaka sita kwa sita, na kila kipande ni hesabu ya kujumlisha iliyokwisha kuandikwa: nukta huku, nukta huku. Kinyanyue kwa muda wa kupepesa jicho, kishushe, uliza "ngapi?" Fupi vile ili wasiwahi kuhesabu nukta moja moja, wazoee kuiona nne kama nne. Huo ni mchezo wa dakika tatu kabla ya kwenda mapumziko, na darasa lote linacheza likiwa limekaa.

Mdako wa wasichana nao una hesabu nyingi ndani yake, kokoto kumi, ngapi umezitoa, ngapi zimebaki. Usiulete darasani, utauua. Pita tu wakati wa mapumziko uulize swali moja uendelee na njia yako.

Mchezo wa duka, ambao kila semina inausifu, mimi nausifu kwa picha kuliko kwa hesabu. Muuzaji mmoja anajumlisha, foleni yote inasukumana ikidai kaimati za karatasi. Ungoje mpaka jozi za kumi zimekaa, kisha fanya maduka mengi madogo. Sarafu za kweli zitapotea. Weka karatasi juu ya sarafu, sugua kwa penseli, utapata twiga wa shilingi moja, kifaru wa tano, simba wa kumi na ndovu wa ishirini, ukate.

Usifanye yote haya. Anza na trei, wiki mbili nzima, mchezo mmoja huohuo, dakika kumi na tano kila siku. Walimu vijana mnabadilisha mchezo kila Jumatatu mkidhani watoto watachoka. Mtoto hachoki na mchezo anaoujua, anachoka kufafanuliwa sheria mpya. Kila kundi na soksi yake kuukuu yenye vizibo ishirini. Vizibo, si maharagwe, maharagwe yanaingia puani, na kuyatoa ni kazi ya daktari. Soksi ikikutwa na vizibo kumi na tisa, kundi halitoki mapumziko mpaka cha ishirini kipatikane, na hiyo nayo ni hesabu. Kelele itakuwapo, lakini ya watu wawili wanaoulizana, sio ya kushangilia mbio. Mwalimu mkuu atausikia utofauti hata akiwa ofisini. Akija mlangoni usimweleze kitu. Mpe nafasi sakafuni mbele ya mtoto mmoja, acha mtoto amuulize, "Mwalimu, kumi inadai ngapi?"

Daftari mama ana haki nalo. Yeye hakuwepo darasani, daftari ndilo dirisha lake. Kila mchezo ukiisha, watoto wachore trei yao jinsi ilivyokuwa mara ya mwisho, chini yake waandike 7 + 3 = 10, na tarehe. Mstari mmoja unatosha. Na huyo wa sokoni mwalike kwa jina, aje asubuhi moja akae robo saa. Akishaona, ndiye atakayekutetea.

Lakini kabla hujaenda kwa muuza mayai, kesho asubuhi muite yule binti wa nane peke yake, kabla wenzake hawajaingia. Muulize 8 na 4. Akikwambia 11, basi ndivyo nilivyosema, chukua kifuu. Akikwambia jingine, niandikie hilo alilokwambia, na umwombe akuhesabie kwa sauti, uniandikie na maneno aliyotumia, moja moja.